Manukato Yetu, Chupa za Wenzetu

Huenda wasomaji wetu wengine wakashangaa kuona juma hili tumeutoa ukurasa huu kwa habari za manukato. Watasema: nchi ina haja ya madarasa, ya visima na ya dawa, nanyi mwatuletea udi na asumini! Twawaomba wastahimili. Tunayotaka kuyasema si habari ya anasa. Ni habari ya mali, na zaidi ya mali ni habari ya kumbukumbu ya watu. Na watu wakishapokonywa kumbukumbu yao, mengine yote hupokonywa kwa urahisi.

Tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Bagamoyo, Unguja na Pemba, mitaa ya kale ina akina mama wanaojulikana kwa kazi hii. Hawana duka wala kibao mlangoni. Huitwa panapokuwa na harusi, na kazi yao huanza siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Ndio wanaosaga liwa na dalia, ndio wanaochanganya singo ya kumsugua bibi harusi, ndio wanaofunga vikuba vya asumini, mrehani na mkadi, na ndio wanaopika udi. Sukari huchemshwa na maji mpaka ikawa nzito. Vipande vya udi hutoswa humo. Kisha hufuata mafuta ya halwaridi, miski na ambari, kila kimoja kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Moto ukizidi, harufu huungua. Moto ukipungua, udi haushiki. Mizani ya kazi hii ni pua, na daftari lake ni kichwa cha mama huyo.

Huko Ulaya wanaosomea kazi ya manukato hufundishwa kwamba harufu nzuri ina tabaka tatu: ya juu ambayo huruka upesi, kama ya ndimu; ya kati, kama ya maua; na ya chini inayobaki kitambaani siku nyingi, kama ya sandali na ambari. Kungwi wetu hakukalia benchi la chuo chochote, lakini tazameni afanyavyo. Liwa na singo huzitia mwilini, asumini huitia nywele, na udi huuweka mwisho, nguo zikiwa zimetandazwa juu ya tenga na chetezo kikifuka moshi chini yake. Asumini itanyauka kabla ya mapambazuko. Udi utabaki sandukuni mpaka bibi harusi awe mama. Ikiwa hiyo si elimu, basi hatujui elimu ni kitu gani.

Wala kazi yake haiishii katika kunukia. Mtoto apitaye kichochoroni hana haja ya kuuliza kuna nini katika nyumba ile. Akisikia harufu ya udi na asumini ajua pana harusi. Akisikia karafuu maiti na ubani ajua pana msiba, naye hupunguza sauti bila ya kuambiwa. Mabaharia waliokaa ng'ambo miaka, wakisikia harufu ya karafuu inayoanikwa juani, hurudiwa na nyumba nzima waliyolelewa, na watu wake, hata waliokwisha kufa. Wataalamu nao wameeleza jambo hili. Mwaka 2004 Wamarekani wawili, Richard Axel na Linda Buck, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna pua inavyotambua harufu na kuipeleka ubongoni. Na inajulikana kwamba njia ya harufu hupita karibu sana na mahali panapotunza kumbukumbu na huzuni na furaha za mtu. Fundi wa manukato, basi, ni mtunza habari za watu. Wengine huandika kwa wino. Yeye huandika kwa moshi na mafuta.

Sasa twauliza: daftari hili la moshi na mafuta liko mikononi mwa nani?

Tuanze na malighafi. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea Pemba, na kwa miaka mingi visiwa hivi viwili ndivyo vilivyoilisha dunia. Karafuu hizo zilikwenda Ulaya na Marekani, na kutokana na mafuta yake wenzetu walipata hata njia ya kutengeneza vanila isiyotoka katika mmea wa vanila. Faida ya werevu huo ilibaki huko huko. Leo Pemba kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, nasi twalishukuru jambo hilo, kwa kuwa zamani hata makonyo yalisafirishwa makavu. Lakini mafuta hayo husafiri katika mapipa, na mara nyingi jina la Pemba hubaki bandarini.

Tazameni na ndugu zetu wa Ngazija, Anjouan na Mwali. Komoro ni miongoni mwa nchi zinazoongoza ulimwenguni kwa mafuta ya langilangi. Ua hilo huchumwa alfajiri na wanawake, kabla jua halijapata nguvu ya kuitoa harufu yake; hutiwa mtamboni siku hiyo hiyo, na huvukizwa kwa saa nyingi. Kilo moja ya mafuta huhitaji maua mabichi yapata kilo 50. Mwaka 1921 Ernest Beaux alipotengeneza manukato ya Chanel No. 5, yaliyokuja kuwa maarufu kuliko yote, mafuta ya langilangi yalikuwa miongoni mwa vitu alivyovitia. Jina la Paris lajulikana, jina la Beaux lajulikana. Nani ajuaye jina la mama mchuma maua?

Na katika bara yetu, hali ni mbaya zaidi. Msandali wa Afrika Mashariki, mti mdogo wa nchi kavu, una mafuta katika kiini chake na katika mizizi. Basi wezi hawaukati; huung'oa mzima na mizizi yake, usichipue tena. Kenya iliupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mataifa yalikubali kuutia katika orodha ya mimea ambayo biashara yake haina budi kusimamiwa. Hata hivyo magendo hayakukoma. Mti wahamishwa usiku kwa malori, ukakamuliwe kwingine, na harufu yake iuzwe kwa jina jingine.

Kuuza malighafi na kununua kilichotengenezwa ni hadithi ya zamani, nanyi wasomaji wetu mwaijua katika pamba, katika katani na katika kahawa. Lakini katika manukato mna jambo la pili. Anayetengeneza manukato ya nchi fulani huchagua pia nchi hiyo ikumbukwe vipi. Mwaka 2001 nyumba ya vito ya Paris iitwayo Van Cleef & Arpels ilitoa manukato ya kiume yaliyopewa jina la Zanzibar. Hatuna ugomvi nao. Jina zuri hupendwa na kila mtu. Twasema tu kwamba anayelitazama jina hilo dirishani mwa duka huko mbali hujiwazia upepo, minazi na bahari ya samawati. Hapana atakayemwambia kwamba mashamba ya mikarafuu yalipandwa na kupaliliwa kwa jasho la watumwa, na kwamba utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba ila mwaka 1897. Hapana atakayemwambia habari za wachumaji wanaopanda juu ya matawi yanayovunjika, wala za wazee wanaochambua karafuu kwenye majamvi mpaka vidole vikawa vyeusi. Harufu ya karafuu kwetu ina sikukuu na ina jasho. Fundi wa mbali akiichukua huchukua sikukuu, jasho akaliacha. Hatumlaumu, kwa kuwa hakulitoa yeye. Lakini sisi tuliolitoa hatuwezi kukubali liachwe.

Wako watakaosema kwamba hayo hayaepukiki, kwamba nchi za ustadi wa manukato zimekwisha kujulikana na sisi tumechelewa. Si kweli hata kidogo. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mji wa Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India. Mafundi wa huko hutengeneza mafuta yenye harufu ya mvua ya kwanza inapopiga ardhi kavu. Huchukua vigae vya udongo uliochomwa, huvitia katika chungu kikubwa cha shaba pamoja na maji, huwasha kuni, na mvuke hupita katika bomba la mwanzi mpaka kwenye chombo cha pili chenye mafuta ya sandali. Mafuta hayo hunywa harufu ya udongo. Wenyewe huyaita mitti attar. Hebu fikirini: mkulima aliyengoja mvua miezi minane, furaha yake ile ya tone la kwanza imetiwa katika kichupa! Nani asemaye kwamba udongo wa Dodoma au wa Ukambani haunukii vivyo hivyo? Tofauti ni kwamba wao waliinama wakaokota, nao wamekwisha kuusajili ustadi wa Kannauj uwe na alama ya mahali, ili mtu wa mji mwingine asijipe jina lao.

Mfano wa pili ni Grasse, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa. Zamani ulikuwa mji wa wachuna ngozi, wenye uvundo kama miji yote ya kazi hiyo. Katika karne ya 16 walianza kuzitia glavu za ngozi harufu ya maua ili ziweze kuvalika, na kutoka hapo wakawa walimu wa manukato. Mwezi wa Novemba 2018 UNESCO ilikutana Port Louis, Morisi, katika bahari yetu hii ya Hindi, ikaandika ustadi wa Grasse katika orodha ya urithi wa wanadamu: kulima mimea ya manukato, kuijua na kuitengeneza, na kuichanganya. Kumbukeni kwamba hawakuandika chupa. Waliandika maarifa ya wakulima na mafundi, yaani vitu vile vile alivyo navyo kungwi wa Pate na somo wa Ng'ambo.

Mfano wa tatu ni Omani, nchi tuliyofungamana nayo kwa damu na kwa historia, ya tamu na ya chungu. Mwaka 1983, kwa matakwa ya Sultani Qaboos, ilianzishwa Muscat nyumba ya manukato ya Amouage. Walimwita Guy Robert, fundi mkubwa wa Kifaransa, wakampa ubani wa Dhofar na vinginevyo vya kwao. Mfaransa alikuja kwa mwaliko wa mwenye nyumba, akalipwa, akaenda zake. Lakini nyumba, jina na hadithi vilibaki Muscat. Hatutaki wasomaji wetu wadhani tunashawishi anasa za majumba ya wafalme. Tunataka waone jambo moja: mkono wa kuajiri waweza kutoka popote, maadamu mwenye kuamua ni mwenye kumbukumbu.

Hapo hutokea mtu akatuambia: Udi watoka mashariki ya mbali, karafuu yatoka visiwa vya Maluku, langilangi yatoka huko huko, halwaridi ya Uajemi na Uarabuni. Mwasema vipi kuwa ni vyenu? Twamjibu kwamba asumini nayo haikuzaliwa Grasse. Mmea husafiri kama watu wasafirivyo, na pwani yetu imepokea na imetoa. Mwaka 916 al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alisafiri katika bahari hii, na katika kitabu chake alisema kwamba ambari iliyo bora ni ile ya pwani ya Zanj. Kwa hiyo tangu zamani hizo tulikuwa sokoni, wala hatukuwa watu wa kupewa tu. Kilicho chetu si mti peke yake. Ni mchanganyiko, ni kipimo, ni siku ya kuufukiza na sababu ya kuufukiza. Unga wa ngano haukufanyi kuwa Mzungu, na udi haukufanyi kuwa mgeni nyumbani kwako.

Wala jambo hili si la watu wa pwani peke yao. Mmasai husafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mzeituni wa porini, na harufu ya moshi huo ndiyo harufu ya nyumba ya mama yake. Mkalenjini naye hutia kibuyu chake unga wa mkaa wa mti maalumu kabla ya kugandisha maziwa. Hizo ni kumbukumbu zinazongoja fundi wa kuzifasiri. Nchi inayotafuta umoja wa makabila yake ingefanya vema kuanza kwa kujua kila nyumba inanukia nini, na kwa nini.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Mama wa udi anazeeka. Binti yake anafanya kazi mjini, na harusi ikifika hununua kichupa cha dukani kilichotiwa harufu za maabara, kwa kuwa ni rahisi na hakimpotezei usiku. Hatumkemei binti, mshahara wake twaujua. Lakini bibi huyo akizikwa, huzikwa pamoja na vipimo vyake vyote, na hakuna maktaba ya serikali itakayovifukua. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Hatari ya pili ni ya sheria. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa ilikataa kuyalinda manukato kama inavyolindwa kazi ya mwandishi. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya Uholanzi ikasema yaweza kulindwa. Ikiwa wakubwa wenyewe hawajapatana, mama wa Mkunazini atashika wapi? Kinga ya nyumba kubwa za manukato ni siri: kanuni imefungwa kabatini. Kungwi hana kabati. Akija mgeni mwenye adabu na kalamu, humweleza yote kwa ukarimu, na kesho maelezo hayo ni mali ya mgeni. Nchi za Kiafrika hazikulala katika jambo hili. Mwezi wa Agosti 2010, huko Swakopmund, Namibia, wanachama wa shirika la Kiafrika la hakimiliki, ARIPO, walipatana juu ya mkataba wa kulinda maarifa ya jadi. Lakini mkataba ni kama chetezo. Bila ya mtu wa kutia makaa, haufuki.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya, nayo twayatoa kwa wanachama wetu kwanza kabla ya kuyapeleka kwa mtu mwingine.

Kwanza, yaandikwe. Kila tawi lililo katika mitaa ya kale liwatafute akina mama hawa, na akina mama wenzao ndio wawaendee. Ziandikwe kanuni kwa ridhaa yao, kwa majina yao, na nakala ibaki nyumbani kwao. Mama akisema hili msiliandike, lisiandikwe. Gazeti hili halitachapa kanuni ya mtu.

Pili, iwe kazi ya ushirika. Mama mmoja mwenye kopo la udi atapangiwa bei na mchuuzi. Akina mama 30 wenye mtambo wao, alama yao na hesabu iliyokaguliwa wataipanga wenyewe. Serikali iwasaidie katika vipimo vya ubora, maana mnunuzi wa ng'ambo huuliza cheti kabla ya kunusa.

Tatu, vijana wapelekwe kusoma. Tuna wasomi wa kemia wanaokaa bila ya kazi. Waende Kannauj, waende Grasse, wajifunze mitambo. Kisha warudi wakae chini mbele ya kungwi wajifunze kilichobaki. Na wakirudi wasimwite mwanafunzi wao.

Nne, mti ulindwe. Anayeng'oa msandali usiku hachukui mti wake peke yake. Achukua na harufu ambayo wajukuu wetu hawataijua.

Tena tuna onyo kwa watu wetu wenyewe. Isije ikawa tumemfukuza mnyonyaji wa mbali tukamkaribisha wa karibu. Tunawajua wakubwa wa mjini ambao wakisikia penye faida hufika na magari yao, wakampiga picha bibi mbele ya chungu chake, wakabandika picha hiyo kwenye boksi, na bibi akaachiwa shilingi za kununulia mkaa. Huyo naye ni mwizi, na rangi yake haimwoshi. Mwanachama yeyote atakayefanya hivyo asitegemee kuonewa haya na ukurasa huu.

Tunarudia: hatusemi manukato yatajenga shule zote wala kuchimba visima vyote. Twasema kwamba watu wanaothamini kazi ya mikono ya mama zao hawaiuzi kwa bei ya kutupa, na fedha ya kazi hiyo yaweza kumsomesha mtoto kama fedha ya kahawa isomeshavyo. Taifa lina bendera yake, lina wimbo wake, lina lugha yake. Lina na harufu yake pia, na wanaoishika leo ni wazee wachache wasio na pensheni wala cheti.

Mwacha asili ni mtumwa, na sisi utumwa twaujua. Nendeni mkawaulize akina mama hao juma hili, nanyi mwende na daftari.